Tairi za Mzee Kibet

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua, mwanangu, nikitoka kwenye uwanja wa inspekshen ya magari hapa Eldoret, karatasi ya matokeo nimeificha kifuani ndani ya sweta isije ikalowa. Karatasi ilisema gari langu limepita. Niliimba nyimbo za kanisani kutoka mjini mpaka Yamumbi, na nilipofika kona ya nyumbani nikapiga honi mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Nilikuwa na mume na mtoto tayari, lakini kichwa bado kilikuwa cha msichana.

Siku hiyo imenirudia kwa sababu yako. Jana umenitumia kwa simu picha ya karatasi kama ile, ya gari aina ya steshen, lililotumika, uliloliona kwenye yadi moja ya magari mjini, na chini yake ukaandika, "Shosho, imepita inspekshen yote. Nichukue?" Unataka kubeba watoto wa shule asubuhi na jioni, na mchana ubebe mizigo ya watu. Ni kazi nzuri, na nimefurahi kwamba umeniuliza mimi kabla ya kuwauliza vijana wenzako. Ninakuita mwanangu ingawa mama yako Njoki ndiye niliyemzaa, kwa maana mjukuu ni mtoto aliyechelewa tu. Swali lako ni fupi, na jibu langu litakuwa refu kidogo. Vumilia, ndivyo wazee tulivyo.

Gari langu nalo lilikuwa steshen, la rangi ya chai ya maziwa, na kabla yangu lilikuwa la mwalimu mkuu mmoja aliyestaafu akarudi kwao. Babu yako alikuwa akifundisha Lodwar, alikuja nyumbani shule zikifungwa, kwa hivyo usukani ulikuwa wangu. Wakati huo mwanamke akiendesha gari watu walisimama kando ya barabara wamtazame vizuri. Alfajiri niliondoka kwenda Ainabkoi kuchukua kabeji na viazi. Nilikunja viti vya nyuma, nikashindilia magunia mpaka darini, na mbele nikambeba mama mmoja au wawili waliokuwa wakileta maziwa mjini. Lile gari ndilo lilikuwa shamba letu, kwa sababu shamba hatukuwa nalo.

Mara ya kwanza nililipeleka inspekshen likaanguka. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, akanionyesha kila kitu bila kunikaripia. Breki ya nyuma upande wa kushoto haikuwa ikishika, taa moja ya mbele ilikuwa ikiangalia mbinguni, na tairi zote nne zilikuwa kipara. Breki nilitengeneza kweli kweli, fundi akabadilisha vilivyokuwa vimekwisha nikiwa nimesimama pale pale, na taa ikarudishwa iangalie barabara. Zikabaki tairi. Kununua nne kwa mpigo kulikuwa kumenishinda, na bila cheti gari lingelala nyumbani na kabeji za Ainabkoi zingepata mtu mwingine wa kuzibeba.

Hapo ndipo desturi ya kwetu ilipoingia. Yamumbi ya zamani, kabla haijajaa ploti na nyumba za kukodisha, tuliazimana kila kitu. Chumvi tuliazimana, jembe tuliazimana, fahali, sufuria kubwa za harusi, hata viatu vya kumpeleka mtoto kubatizwa. Na mwenye gari akiitwa inspekshen, aliazima tairi. Uliziomba kwa jirani pamoja na rimu zake, ukazifunga asubuhi, ukapita, na jioni ukazirudisha kwa mwenyewe. Kisha ukafunga tena vipara vyako ukaendelea na safari zako. Kizima moto na zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika vilizunguka nyumba kwa nyumba vivyo hivyo. Hakuna aliyeona haya, na mkaguzi wa watu angejuaje? Yeye alipima alicholetewa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, uniwie radhi kwa lugha yao, lakini sisi tulikuwa tumeiacha methali hiyo kwa watu wa nguo, tukadhani haihusu magari.

Tairi zilizoazimwa kuliko zote zilikuwa za Mzee Kibet. Huyu alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mzaliwa wa hapa hapa Uasin Gishu, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ua wake na wetu ulikuwa mmoja, tuliukata na kuurekebisha pamoja. Alikuwa na steshen chapa moja na langu, na aliitunza kupita kiasi. Ilitoka Jumapili kwenda kanisani na siku chache za wiki kupeleka maziwa, basi. Tairi zake zilikuwa na meno siku zote. Watu wa mtaa walikuwa na mzaha kwamba tairi za Mzee Kibet zina vyeti vingi kuliko mwalimu mkuu, na yeye akiusikia alitabasamu tu na kuvuta kofia yake chini.

Nilimwendea na sukari na mkate, kama unavyojua mtu haendi kuomba mikono mitupu. Nilimkuta akitengeneza mlango wa zizi. Nilipotaja inspekshen hakungoja nimalize, aliweka nyundo chini akatafuta jeki. Alinisaidia kuzifungua zake na kuzifunga kwenye gari langu. Gari lake tukaliketisha juu ya mawe ndani ya banda, na tairi zangu tukaziegemeza ukutani. Mkewe, Mama Jepkoech, akatuita tunywe chai, akaniuliza habari za safari yetu ya Jumamosi. Mimi na yeye tulikuwa kikundi kimoja cha akina mama. Mwenzetu mmoja aliyeolewa kule Ainabkoi alikuwa amejifungua, na tulikuwa tumepanga kwenda kumwona mtoto. Gari la safari lilikuwa langu.

Basi ile Ijumaa, baada ya kupiga honi zangu zote, nilienda moja kwa moja kwa Mzee Kibet kurudisha mali ya watu. Nilitoa jeki, nikachukua spana, nikachuchumaa nikaanza kulegeza nati ya kwanza. Mzee alikuwa ameketi mlangoni mwa banda juu ya debe lililopinduliwa. Alikuwa ameitoa tairi yangu moja nje, ameilaza magotini, na anaipitishia kiganja taratibu kama anayepapasa ndama mgonjwa. Hakunisalimia kwa furaha niliyoitarajia. Aliniomba ile karatasi, nikampa kwa mikono miwili, nikijua atanipongeza. Aliishika mbali na macho kwa kukosa miwani, akaisoma yote mpaka chini.

"Hii karatasi ni yangu," alisema.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nikamwambia jina lililoandikwa pale ni langu na namba ni ya gari langu.

"Jina ni yako. Lakini hapa wamesema tairi ni mzuri. Tairi yako ni hii, nimeishika." Akaigonga kwa vidole. "Kesho unabeba nani?"

Mwanangu, swali lile lilikuwa jepesi, na mimi nikalijibu kwa wepesi. Nikawataja akina mama wa kikundi mmoja mmoja. Nikamtaja mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekuja kutoka Nyandarua kunitembelea na hakutaka kuachwa nyumbani. Nikamtaja Njoki, aliyekuwa bado mdogo wa kukaa mapajani mwa nyanya yake. Na mwisho, sauti ikiwa imenipungua bila mimi kujua, nikamtaja Mama Jepkoech.

Mvua ilikuwa ikigonga mabati ya banda.

"Mke wangu umemweka mwisho, na umemsema polepole," alisema. "Nikikwambia haendi, hao wengine utawabeba na hizi?"

Ukweli ni kwamba ningewabeba. Nilikuwa nimefanya hivyo wiki nyingi kabla ya hapo. Nilikuwa nimebeba kabeji na watu juu ya vipara vile, kwenye mvua, nikiimba.

"Basi kaza hiyo nati," Mzee akasema.

Nilijaribu kubishana, lakini kwa heshima, maana mzee ni mzee. Nilimwambia gari lake litabaki juu ya mawe, na keshokutwa ni Jumapili, na kutoka pale mpaka kanisani ni mbali kwa mtu wa umri wake. Akasema Mungu hajawahi kumuuliza amekuja na nini. Nilimwambia maziwa je? Akasema baiskeli ya mtoto wake ipo na haijafa. Nilimwambia watu watasema nimemnyang'anya mzee tairi. Hapo akainua kichwa akaniangalia, na alichosema sitakisahau mpaka mnizike.

"Mama Njoki, mimi nimepea watu hizi tairi miaka mingi, nikisema ni ujirani. Leo ndio nimekaa hapa na zako nikaona nilikuwa nasaidia karatasi tu. Mtu mwenyewe nilikuwa namwacha aende na kipara. Enda nazo mpaka upate zako."

Sasa ungetarajia nimshukuru. Wapi! Nilikasirika, mwanangu. Nilikaza nati zile kwa nguvu za hasira, nikarudisha jeki ndani bila kuipangusa matope, nikaondoka na kwaheri fupi isiyo na adabu. Nyumbani nilimwambia mama yangu kwamba Mzee Kibet amenidharau, amenifanya kama mtoto asiyejua kuendesha. Shukrani ya punda ni mateke, na ile jioni mimi nilikuwa punda kamili. Mama yangu alisikiliza huku akimenya viazi, kisha akaniuliza kama tairi za mtu anayekudharau ndizo hizo zilizoko nje chini ya gari. Nilienda kukamua mbuzi ili nisimjibu.

Jumamosi tuliondoka asubuhi. Kuona mtoto kwetu si kwenda na maneno matupu. Gari lilijaa unga, mafuta ya kupikia, njahi, yale maharagwe meusi ya kumrudishia mzazi damu, maboga, na mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba nyuma kabisa. Akina mama walibanana, wakiimba na kusutana. Mama yangu alikaa mbele na Njoki mapajani. Wakati huo hatukuwa na mambo ya mikanda, na siku hizi nikikumbuka naona baridi mgongoni. Mama Jepkoech alikuwa nyuma yangu, akitoa hadithi ya jinsi alivyojifungua mtoto wake wa kwanza shambani wakati wa kuvuna ngano. Mvua ilikuwa imepungua lakini haikuwa imeisha, na barabara iling'aa.

Tulipokaribia Ainabkoi kuna mteremko. Nilikuwa nikishuka si kwa kasi, lakini na uzito ule wote nyuma gari lilikuwa linataka kwenda lenyewe. Trekta lenye trela likatoka shambani kushoto, polepole, bila taa, likaingia barabarani na kuiziba yote. Nilikanyaga breki. Gari likateleza kidogo, nikahisi nyuma inataka kuhama, kisha tairi zikashika. Zilishika barabara jinsi mtu anavyoshika mkono wa mtoto sokoni. Tukasimama karibu na trela kiasi kwamba niliona matope yaliyokauka kwenye mbao zake.

Unga na njahi vilimwagika kidogo. Njoki alilia kwa sababu biskuti yake ilianguka. Mama Jepkoech alinipiga begani akasema, "Polepole, Mama Njoki, hizi njahi zitaota humu ndani." Wote wakacheka, dereva wa trekta akainua mkono kuomba msamaha, na hadithi ya kujifungua shambani ikaendelea ilipokatikia. Hakuna hata mmoja aliyewaza habari za tairi. Mimi peke yangu ndiye niliyekumbuka vile vipara vyangu vilivyokuwa kwenye banda la Mzee Kibet vimeegemezwa ukutani, nikaendesha kwa mwendo wa punda mpaka tukafika.

Tulikunywa uji, tukambeba mtoto kwa zamu, tukampa majina ya utani. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Sikulia kwa woga tu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemwondokea mzee yule bila hata kumwambia asante, na yeye asubuhi ile alikuwa anapeleka maziwa kwa baiskeli ya mtoto.

Jioni niliporudi nilienda kwake kabla ya kufika kwangu. Nilimweleza yote, mteremko, trekta, na jinsi gari lilivyosimama. Mkewe alikuwa pale, na ndipo naye akajua, akakaa chini polepole akiwa ameshika mdomo. Nilimwomba Mzee msamaha kwa ile kwaheri ya jana. Yeye aliuliza mtoto ni wa kiume au wa kike. Nilipomwambia ni wa kike akasema vizuri, ng'ombe wataongezeka, kisha akamwambia Mama Jepkoech anipe mursik, maziwa yao ya mgando. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote juu ya jambo lile.

Gari lake lilikaa juu ya mawe tangu msimu wa mvua mpaka mahindi yakaanza kukauka. Kuku walitaga ndani yake. Kila Jumapili nilipita getini kwake nikamwomba apande twende pamoja, na siku nyingine alikubali, akaketi mbele amevuta kofia chini, akibebwa na tairi zake mwenyewe ndani ya gari la mtu. Siku nyingine alikataa akasema kutembea kunamfaa. Watu waliuliza kwa nini gari la Mzee liko juu ya mawe, naye aliwajibu kwamba linapumzika. Hakuna mara hata moja aliyotaja jina langu. Hilo, mwanangu, ni tendo la pili la wema ambalo watu wengi husahau kulitenda wakishatenda la kwanza.

Nilinunua tairi mbili, baadaye nikanunua nyingine mbili. Siku niliyomrudishia zake alizikagua, akaona zimelika kidogo, nikaanza kusema nitamlipa kwa ajili hiyo, akanyamazisha maneno yangu kwa mkono. Alizunguka gari langu lote. Aliinama kwa kila gurudumu, akapitisha kiganja. Kisha akasema, "Sasa imepita." Mwanangu, sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha kama hicho, na hakikuandikwa popote.

Na tangu hapo, mtu akija kwake kuazima tairi za inspekshen, Mzee alimwambia, "Nitakupa, lakini hazirudi mpaka ununue zako." Watu walikwenda nyumbani kufikiri. Wengine walinuna, wakasema uzee umemharibu. Lakini ukitaka kumwaibisha mtu kwa wema, mpe zaidi ya alichoomba. Polepole desturi ile ikafa upande wetu, na sikuona mtu akiililia.

Steshen ile ilinitumikia miaka mingi baada ya hapo. Ilipeleka maharusi, ikaleta wazazi na watoto wachanga kutoka hospitali, ikabeba kabeji zilizomsomesha mama yako mpaka akawa muuguzi. Haikuwa gari la maajabu. Ilikuwa kuukuu, ilikunywa mafuta, ilikataa kuwaka asubuhi za baridi mpaka uisemeshe. Ila niliijua. Ikianza kuvuta upande nilijua, breki ikianza kulia nilijua, na nilitengeneza siku ile ile, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu walikuwa wakiniambia nina bahati ya kupata gari la kutegemewa. Niliwajibu kwamba gari la kutegemewa halinunuliwi, ni wewe unalitunza mpaka linategemewa, na kwanza uwe umekubali kuona jinsi lilivyo.

Mzee Kibet ametutoka, Mungu amlaze pema. Nilisimama kwenye mazishi yake watu wakimsifu kwa mahindi yake, ng'ombe zake na uzee wake wa kanisa. Nami nikataka kusimama niseme kwamba alituzuilia msiba. Lakini utamsifuje mtu kwa msiba ambao haukutokea? Hakuna anayechinja mbuzi kwa sababu ya ajali ambayo haikuwapo. Akina mama walirudi nyumbani siku ile wakapika, wakasahau. Wengine wao ni nyanya sasa na hawajui mpaka leo. Kwa hivyo mimi ndiye ninayewashukuria wote, yaani kwa niaba yao ninamshukuru Mzee kila mara mvua ikinyesha na barabara ikang'aa. Umri umeninyang'anya vingi, lakini shukrani hiyo haijachakaa.

Sasa, kuhusu hilo gari la yadi. Sikusema usinunue. Steshen ni gari la mtu wa kazi, na iliyotumika si aibu, hata mimi nimetumika na bado nina kazi. Lakini ile karatasi uliyonitumia inasema gari lilikuwaje siku moja, saa moja, mbele ya mtu mmoja. Haisemi nani aliazima nini kulifikisha pale. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na muuzaji anayekuonyesha karatasi kabla hajakuonyesha gari, mwombe karatasi aiweke kando. Pitisha kiganja chako mwenyewe. Inama, hata ukichafua suruali hiyo ya kubana. Liendeshe kukiwa na mvua, likiwa na mzigo, mahali penye mteremko, na uende na mtu asiyejali kama utalinunua au utaliacha. Ukikuta lina kasoro si mwisho wa dunia. Kasoro unayoijua utaitengeneza. Ile uliyoificha ndiyo itakayokungoja barabarani siku ambayo umebeba watu.

Na kabla hujasema limepita, jiulize alichoniuliza Mzee: kesho unabeba nani? Wataje kwa majina. Usiseme tu watoto wa shule, maana ukisema hivyo hutaona sura ya mtu. Taja mtoto wa yule jirani, taja yule mdogo asiyeweza kufunga mkanda wake mwenyewe, taja anayelala njiani na mdomo wazi. Kila mmoja ana mtu amesimama getini anamngoja. Ukiona kuna jina hata moja unalolitaja kwa sauti ndogo, rudi ukatengeneze gari.

Jambo hili pia si la magari tu. Utaishi na watu, na watu wataomba uwasaidie waonekane sawa kwa siku moja. Ni rahisi kukubali, na kila mtu atakupenda. Lakini jirani ni yule anayebaki na wewe baada ya mkaguzi kwenda nyumbani. Ukimpenda mtu, msaidie awe sawa kweli, hata kama itakulazimu utembee kwa miguu msimu mzima. Na ukikuta mzee amekukatalia kitu, usiwe na haraka ya kukasirika kama nilivyokasirika mimi. Ngoja kidogo, teremka mteremko wako kwanza, halafu ndipo uamue kama alikuonea.

Mama yako alikuwa mapajani mwa nyanya yake asubuhi ile, akililia biskuti. Ukifikiri vizuri, mwanangu, hata wewe ulikuwa abiria. Una deni la asante kwa mzee ambaye hukumkuta, na hulipi kwake. Utalilipa kwa hao watoto wa shule.

Basi nenda, na Mungu akutangulie barabarani na akufuate nyuma. Akupe macho ya kuona chombo chako jinsi kilivyo na moyo wa kukitengeneza. Akupe jirani atakayekukatalia kwa upendo, nawe akufanye jirani wa namna hiyo kwa wengine. Na wote watakaopanda gari lako washuke kwa miguu yao wenyewe, wakilalamika kwamba magoti yamekufa ganzi, wakiuliza chakula kiko wapi, bila kujua kuna jambo lolote la kushukuru. Wewe utawashukuria.